Safari ndefu na watoto: tutawashughulishaje bila simu na bila dawa ya usingizi?

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Kocholia.

Leo tunazungumzia safari. Huenda ukauliza, "Sista, safari ni kazi ya makanga. Muuguzi inamhusu nini?" Inamhusu sana, mama. Shule zikifungwa, hasa Desemba, gari baada ya gari hutoka Malaba na Busia likiwa limejaa watoto wanaokwenda kwa baba Nairobi, kwa shangazi Nakuru, au kwa jamaa zetu ng'ambo ya mpaka huko Tororo na Soroti. Januari wanarudi. Na wakirudi, baadhi ya mambo yaliyotokea ndani ya gari huishia mbele yangu katika kliniki.

Kutoka Malaba hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Basi likienda vizuri ni saa nane, tisa hivi. Likikuta msongamano, hata mtu mzima huchoka akili. Sasa mtoto wa miaka mitatu je? Atalia. Atauliza, "Tumefika?" kabla hata hamjapita Bungoma. Na hapo ndipo sisi walezi hutafuta njia ya mkato. Njia za mkato zinazotumika siku hizi ni mbili: simu, na chupa ya dawa. Leo nataka tuziweke zote mbili kando, kisha nikuonyeshe cha kutumia badala yake. Hakigharimu hata shilingi.

Yaliyonipata mimi mwenyewe

Niwasimulie, maana mimi pia ni mama. Desemba moja nilipanda basi Malaba na wanangu wawili, wa miaka mitano na wa miaka miwili. Nilikuwa nimechoka. Tulipofika Bungoma nikampa mkubwa simu atazame katuni. Akanyamaza kimya, nami nikajisifu moyoni. Kabla ya Turbo akawa mweupe midomoni, jasho likamtoka, akatapika juu ya simu, juu ya leso yangu, na juu ya kiatu cha abiria wa pembeni. Nilipomnyang'anya simu ili nimsafishe, akapiga kelele mpaka Burnt Forest.

Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akanionea huruma. Akanipa chupa ya dawa ya mafua. "Mpe kijiko kimoja, dada. Huyu wangu nilimpa tukitoka, angalia anavyolala." Nikageuka kumtazama mtoto wake. Alikuwa binti mdogo, bado hajatimiza miaka miwili. Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele, kidevu kimegusa kifua. Nilimwita, hakujibu. Nilimtikisa bega, hakujibu. Mara ya tatu nilipomsugua nyayo ndipo akafungua macho nusu, akayafumba tena.

Tulimwinua tukamketisha wima, tukamlegeza nguo, tukafungua dirisha. Nilihesabu pumzi zake kila baada ya muda mpaka Nakuru. Huko aliamka akalia kwa njaa, na mama yake akalia pia. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba dawa hiyo "ni ya watoto".

Na wangu je? Aliyemnyamazisha ni nyanya mmoja aliyeketi ng'ambo ya njia ya basi. Alimtazama kijana wangu aliyekuwa akilia, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Kitendawili!" Mtoto akanyamaza kidogo. Nyanya akarudia: "Kitendawili!" Na mtoto, huku machozi yakimtiririka, akajibu: "Tega!" Kutoka hapo mpaka Gilgil sikusikia tena habari ya katuni.

Kwa nini tusiwape dawa ya kuwalaza?

Dawa nyingi za mafua, za kikohozi na za mzio, zile ambazo wengi wetu huziita piritoni, humletea mtu usingizi. Usingizi huo si kazi ya dawa, ni madhara yake. Mwili wa mtoto mdogo huchukua muda kuitoa dawa, kwa hiyo kipimo unachokiona kidogo kwako ni kikubwa kwake. Yafuatayo yanaweza kutokea:

Kwanza, pumzi inaweza kupungua. Walio hatarini zaidi ni watoto walio chini ya miaka miwili.

Pili, mtoto aliyelala usingizi mzito akitapika anaweza kupaliwa na matapishi yake, kwa sababu hana nguvu ya kukohoa wala kugeuza kichwa.

Tatu, watoto wengine dawa hiyo huwafanyia kinyume. Badala ya kulala, hupata wasiwasi, hutetemeka na kupiga kelele. Mama akiona hivyo huongeza kijiko cha pili, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Nne, vijiko vyetu havilingani. Kijiko cha chai cha nyumbani kwako si kile cha jirani.

Kwa hiyo, dawa ni ya ugonjwa, na ni ile uliyopewa na mhudumu wa afya kwa mtoto huyo, kwa kipimo hicho. Ukiona mtoto yeyote amepewa dawa na haamki ukimwita, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, mwambie dereva asimame kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje kufika. Beba na ile chupa, ili daktari aone ni dawa gani.

Na simu ina ubaya gani?

Simu si adui. Inatuma pesa, inaita msaada, inamwambia shangazi tumefika wapi. Lakini ndani ya gari, simu kama kitulizo cha mtoto ina matatizo matatu.

La kwanza ni kutapika. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoueleza ubongo kwamba mwili unakwenda, unapinda, unapanda. Mtoto akikodolea simu, macho nayo yanauambia ubongo, "Hapana, tumetulia." Ubongo unapata habari mbili zisizopatana, na matokeo yake ni kichefuchefu. Ndiyo maana akiangalia mbali nje ya dirisha anapata nafuu: macho na sikio yanasema neno moja. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio husumbuliwa zaidi.

La pili ni ukuaji wa mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa simu wala televisheni. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ukimwachia simu kutoka Malaba hadi Eldoret tu, tayari amepita kipimo cha siku nzima, na safari haijafika nusu.

La tatu ni moto wa simu. Ukimaliza chaji kwa katuni, gari likiharibika usiku huko Timboroa utampigia nani?

Kitu cha kutumia badala yake ni mdomo wako

Mtoto hahitaji vitu vingi ili atulie. Anahitaji mtu anayemjibu. Katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa, na chakula cha ubongo huo ni mazungumzo: yeye anaonyesha kidole, wewe unataja jina, yeye anauliza, wewe unajibu, yeye anacheka, nawe unacheka. Nyumbani tuna shamba, soko, kuni, maji. Mara ngapi mama unapata saa nane umeketi na mtoto wako bila kazi mkononi? Safari inakupa saa hizo. Usizitupe.

Sasa twende kwa umri.

*Mtoto wa chini ya mwaka mmoja.* Huyu mchezo wake ni uso wako na leso yako. Jifunike uso na leso, uliza, "Mama yuko wapi?" Kisha jifunue: "Huyu hapa!" Mwimbie kwa sauti ya chini wimbo wowote uliokulia nao, wa Kiteso, wa Kibukusu, wa Kijaluo, lugha yoyote. Mguse vidole kimoja kimoja ukivitaja. Mnyonyeshe anapotaka. Ikiwa hajafika miezi sita, maziwa yako yanamtosha, hata njiani na hata kukiwa na joto. Usimpe maji ya chupa.

*Mwaka mmoja hadi mitatu.* Mfungie vitu vitano au sita vya nyumbani katika kitambaa: kikombe cha plastiki, kijiko cha mbao, kifuniko kikubwa, kipande cha kitambaa chenye rangi, mwanasesere wa nguo kuukuu. Usivitoe vyote pamoja. Toa kimoja, acha akichoke, kirudishe, kisha utoe kingine. Kila kimoja kiwe kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuingia chote mdomoni. Mtajie vitu vya nje: ng'ombe, mbuzi, kanisa, msikiti, bodaboda. Baada ya muda muulize yeye, "Ng'ombe yuko wapi?"

*Miaka minne hadi saba.* Huu ndio umri wa "Tumefika?" Mtoto huyu hajui saa nane ni nini, lakini anajua vitu. Kabla ya kuondoka mwambie miji kwa mpangilio kama wimbo: Bungoma, Webuye, Turbo, Eldoret, Burnt Forest, Timboroa, Nakuru, Gilgil, Naivasha, Nairobi. Kila mji atahesabu kwa kidole. Akiuliza, "Tumefika?" mjibu, "Umebakiza vidole vingapi?" Wale wa Busia mnaopitia Kisumu, wimbo wenu ni Bumala, Ugunja, Yala, Luanda, Maseno, Kisumu, Ahero, Kericho, Nakuru, kisha mnaungana na wenzenu.

*Miaka minane na kuendelea.* Mpe kazi. Mmoja awe karani wa safari, anakumbuka saa mliyopita kila mji na kuiandika gari likisimama. Asiandike gari likienda, atapata kichefuchefu. Mwingine awe mlinzi wa mizigo, ahesabu mifuko kila mnaposhuka. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya kumchokoza mdogo wake.

Michezo minne isiyohitaji kununuliwa

*1. Mchezo wa malori.* Sisi watu wa mpakani tuna mali ambayo watoto wa mjini hawana: malori. Pale Malaba foleni yake peke yake ni saa nzima ya mchezo. Kila mtoto achague nchi. Namba ya Kenya huanza kwa K, ya Uganda kwa U, ya Rwanda kwa R, ya Tanzania kwa T. Na trela za Kenya zina namba yake nyuma inayoanza kwa Z. Anayefika kumi kwanza ndiye mshindi, kisha mnaanza upya. Mdogo asiyejua herufi ahesabu rangi. Anayejua sana ahesabu kwa lugha tatu: Kiteso, Kiswahili na Kiingereza.

*2. Vitendawili.* Hapa mila yetu imetuwekea kitu kizuri. Asiyejua jibu huambiwa atoe mji. Basi toeni miji mliyopita! "Nipe mji." "Nakupa Webuye." "Nilikwenda Webuye, nikapokewa vizuri, nikala nikashiba..." na jibu linatolewa. Mtoto anajifunza miji ya nchi yake bila kujua anasoma. Tungeni vyenu kutokana na mnachokiona. Hivi hapa vyangu vichache vya kuanzia:

Nina miguu mingi, lakini sitembei nisipokunywa mafuta. (Lori.)

Nimelala toka Malaba hadi Nairobi, na kila mtu hunikanyaga. (Barabara.)

Tumepanga mstari kilimani tumevaa kijani, na kila wiki tunakatwa nywele. (Majani chai ya Kericho.)

Hakualikwa, lakini dirisha likifunguliwa huingia wa kwanza. (Upepo.)

*3. Hadithi ya mnyororo.* Mmoja anaanza: "Hapo zamani sungura alipanda basi kwenda Nairobi bila nauli..." Anayefuata anaongeza sentensi moja, na mwingine moja, mpaka sungura afike au afukuzwe na kondakta. Usisahihishe. Mwache mtoto aharibu hadithi apendavyo.

*4. Habari za njia.* Watoto hupenda kujua kitu cha kweli juu ya wanachokiona. Mwambie kwamba neno bodaboda lilizaliwa kwetu Busia, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mkivuka mto Nzoia pale Webuye, mwambie maji hayo yanashuka hadi Budalang'i, hapa hapa kaunti yetu, kisha yanaingia ziwa Victoria. Mwambie kwamba kati ya Eldoret na Nakuru mtavuka ikweta, mstari unaoigawa dunia katikati. Kwa njia ya Kisumu mnauvuka pale Maseno. Baada ya Nakuru atafute ziwa Elementaita, na kati ya Gilgil na Naivasha atafute punda milia. Mara nyingi huonekana kando ya barabara, na wa kwanza kuwaona anapewa kipande kikubwa cha chapati.

Na mkisafiri usiku? Tumieni sauti za chini. Sungura wa hadithi aseme kwa kunong'ona. Funika mtoto vizuri, maana Timboroa ni juu na baridi yake si ya Malaba. Wengine wanataka kulala, tuwaheshimu.

Matayarisho kabla ya kupanda

Mchezo hautafaa kitu kama mtoto ana njaa, ana kiu, au anaumwa. Angalia mambo haya.

*Afya.* Mguse mwili asubuhi ya safari. Mtoto mwenye joto, anayeharisha au anayepumua kwa shida hafai kuingia garini, anafaa kuja kliniki. Nauli inaweza kungoja siku moja.

*Chakula.* Mpe chakula chepesi kabla ya safari: uji, mkate, ndizi mbivu, kiazi kitamu cha kuchemsha. Acha mandazi yenye mafuta mengi na soda. Tumbo tupu kabisa nalo huleta kichefuchefu.

*Njugu na pipi.* Hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu njugu karanga ni chakula chetu. Mtoto wa chini ya miaka mitano asile njugu nzima wala pipi ngumu ndani ya gari linalokwenda. Breki moja ya ghafla, na njugu inaingia kwenye njia ya pumzi. Mpe njugu iliyosagwa, iliyopakwa kwenye kiazi au mkate. Na umfundishe mtoto asipokee kitu cha kula kutoka kwa abiria usiyemjua.

*Maji.* Wapo walezi wanaomnyima mtoto maji tangu jana yake ili asiombe choo. Usifanye hivyo. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Muulize kondakta mapema basi litasimama wapi. Kila likisimama, mshushe mtoto hata kama hana haja, atembee, aruke, anyooshe miguu. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 unasema mtoto mdogo asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Ndani ya basi hatuwezi kulitimiza hilo lote, lakini kila kituo tukitumie.

*Kutapika.* Mtoto anayetapika safarini aketi mbele ya gari, si nyuma, tena karibu na dirisha, aangalie mbali. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo beba mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Beba kitambaa chenye maji na nguo moja ya kubadilisha. Akitapika, asukutue mdomo, angoje kidogo, kisha anywe maji kidogo kidogo.

*Mkanda.* Tangu mwaka 2004, zile sheria tulizoziita za Michuki zilitaka kila abiria wa matatu na basi awe na mkanda. Ninajua nauli ni ghali na wengi wetu tunapakata. Ukiweza, mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Ukishindwa, usifunge mkanda mmoja juu yako na yeye pamoja. Gari likigonga, uzito wako wote utamponda. Na mchezo wowote usimtoe kwenye kiti: asisimame kwenye njia ya basi, asitoe mkono wala kichwa dirishani, hata kama punda milia ni mia moja.

Maswali ya wasikilizaji

*"Sista, mimi si mwongeaji. Nitatoa wapi maneno ya saa nane?"*
Hutaongea saa nane, mama. Mtoto hucheza, huchoka, hulala, huamka. Mchezo wa dakika kumi, kisha kimya, kisha kitu cha kula, kisha mchezo mwingine. Na mtoto akikaa tu akiangalia nje bila kufanya kitu, mwache. Huko si kuumwa. Anafikiri.

*"Abiria wengine hulalamika watoto wakipiga kelele."*
Ni kweli. Lakini kelele kubwa zaidi ni ya mtoto aliyeachwa bila kazi. Mkianza vitendawili kwa adabu, utashangaa abiria watakavyoanza kutega vyao.

*"Nikishindwa kabisa nikampa simu, nimemwua?"*
Hujamwua, mama. Sote tumeshindwa siku fulani, mimi nikiwa wa kwanza. Kama ana zaidi ya miaka miwili, mpe gari likiwa limesimama, kwa muda mfupi mliokubaliana, na mtazame pamoja mkiongea juu ya mnachokiona. Kisha irudi mfukoni. Bali dawa ya kumlaza, hiyo usimpe hata ukishindwa.

*"Mtoto wangu alifika Nairobi akawa mnyonge siku tatu. Nikadhani ni uchovu."*
Swali hili ni muhimu. Uchovu wa safari huisha baada ya kula na kulala usiku mmoja. Busia yetu ni eneo la malaria, na mtoto anaweza kuondoka hapa akiwa na vijidudu mwilini, homa ikampanda akiwa mbali. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na useme wazi, "Tumetoka Busia," ili apimwe malaria. Vivyo hivyo, ukiona ametapika sana, mdomo umekauka, macho yameingia ndani, au hajakojoa kwa saa sita, usingoje kesho.

Tukumbuke

Tumesema nini leo? Dawa isiyo ya ugonjwa haiingii kinywani mwa mtoto. Simu ikae mfukoni ikiwa na chaji, kwa dharura. Njugu nzima na pipi ngumu zibaki nyumbani. Maji yaandamane na mtoto. Na vitendawili, malori, nyimbo na hadithi vianze kabla kilio hakijaanza, si baada.

Yule kijana wangu sasa ni mkubwa. Nikimuuliza juu ya safari ile, katuni hazikumbuki hata moja. Kutapika amesahau. Anamkumbuka nyanya asiyejua jina lake, na bado anasema kwamba siku ile alimpa nyanya miji yote mpaka Nairobi yenyewe, akabaki hana mji.

Basi, wewe unayefunga mizigo wiki hii, jaribu kimoja tu kati ya haya. Ukirudi, pitia kliniki au mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako ilikuwaje. Nami nitafurahi kusikia vitendawili vipya.

Safari njema, fungeni mikanda. Mpaka mazungumzo yetu yajayo, kwaherini.